Maswali ya Wasomaji: Kuijenga na Kuitunza Reli ya Mfano Nyumbani

Katika toleo hili safu yetu inajibu barua za wasomaji wanaojenga reli za mfano majumbani mwao, burudani inayodai subira, mkono mwepesi na uelewa kidogo wa umeme. Majibu yote yameegemea msimamo mmoja wa msimamizi wa safu, kwamba reli fupi inayopitisha treni bila kusita ina thamani kubwa kuliko reli ndefu iliyobaki kuwa pambo la chumba.

Mhariri, salaam. Nataka kuijenga kwa mfano reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, na nimepata meza ya futi sita kwa tatu. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue kipimo cha HO na mwingine anasema N. Nimsikilize nani? — Msomaji, Nairobi

Ndugu msomaji, fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. HO maana yake ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 87, na njia yake ina upana wa milimita 16.5, katika N kila kitu kimepunguzwa mara 160, na njia yake ni ya milimita 9. Vipimo vyote viwili vilikusudiwa reli ya upana wa milimita 1,435, ambayo kwetu ndiyo SGR. Reli unayoitaka wewe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja. Ukigawanya milimita 1,000 kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo treni yako ya HO ikikaa juu ya njia ya milimita 16.5 itaonekana imetanua miguu, na mtu yeyote aliyeizoea reli ya mita atalitambua kosa hilo kabla hujamweleza chochote.

Ufumbuzi upo. Kuna kipimo kiitwacho HOm, ambacho treni zake zimepunguzwa mara 87 kama za HO, lakini zinapita kwenye njia ya milimita 12. Kipimo hiki hutengenezwa zaidi kwa ajili ya wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, hasa ile ya Rhätische Bahn, ambayo nayo ni ya mita moja. Reli zilizokusudiwa Alpi zitakufaa basi kwa Voi na Nakuru, na jirani yako Mtanzania anayetaka kuigiza TAZARA anaweza kuzitumia pia, kwa sababu upana wa reli hiyo, milimita 1,067, ukigawanywa kwa 87 hutoa milimita 12.3, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona.

Mabehewa utalazimika kuyaunda mwenyewe kwa kadibodi ngumu na plastiki bapa, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Uko Nairobi, na katika Makumbusho ya Reli kipo kichwa cha treni nambari 5918, Mount Gelai, kimoja kati ya vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Nenda na futi kamba, daftari na kamera, upime pia mabehewa yaliyopo hapo, maana picha peke yake hazitakupa urefu sahihi wa mlango wala nafasi kati ya dirisha na dirisha. Usianze na Garratt yenyewe, hata hivyo. Ni kichwa kirefu mno kwa meza ya futi tatu, na kona zitakushinda. Anza na stesheni moja ndogo, kichwa kifupi na mabehewa manne ya mizigo.

Bwana Mhariri, treni yangu inasitasita, taa yake inafifia na kuwaka, na ikifika upande wa pili wa meza inakaribia kusimama. Nimesugua reli kwa msasa mara nyingi, ikawa nzuri kwa muda mfupi kisha ikaharibika kuliko mwanzo. Tatizo ni nini? — Msomaji, Tanga

Kwanza uweke msasa kando na usiuguse tena. Umeme wa treni yako unatoka kwenye reli moja, unapita gurudumu, mota, gurudumu la upande wa pili, kisha unarudi kwa reli nyingine, na katika safari hiyo unategemea sehemu za kugusana ambazo ni ndogo kuliko ncha ya pini. Kila gurudumu linaporuka kidogo juu ya uchafu hutokea cheche isiyoonekana, na cheche hiyo huacha madoa meusi ambayo huzuia umeme na kuleta cheche nyingine. Msasa unayaondoa madoa hayo, ni kweli, lakini pia unachimba mikwaruzo ambayo inahifadhi vumbi na mafuta, ndiyo maana hali inarudi ikiwa mbaya zaidi.

Chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, ukilowanishe kidogo kwa alikoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu huitumia kusafishia bodi, uifute kila reli hadi kitambaa kisitoke na weusi. Fungua madirisha na uzime umeme unapofanya hivyo, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka. Kisha fuata magurudumu, ambayo watu wengi huyasahau. Tandaza karatasi ya shashi iliyolowanishwa alikoholi juu ya kipande cha njia, washa umeme, maana hapa bila huo magurudumu hayazunguki, madirisha yakiwa bado wazi, na ushikilie kichwa cha treni ili magurudumu ya mbele yagusane na reli tupu huku ya nyuma yakizunguka juu ya karatasi. Utaona mistari miwili myeusi. Geuza kichwa na ufanye upande wa pili. Mabehewa nayo yasafishwe, hasa yale yenye magurudumu ya plastiki, kwa maana hukusanya uchafu na kuusambaza njia nzima; ukiweza, yabadilishe uweke ya chuma.

Hilo litaondoa kusitasita, lakini kudhoofika kwa treni upande wa mbali wa meza kuna chanzo kingine, nacho ni viungio. Vile vibati vidogo vinavyounganisha kipande cha reli na kingine vimewekwa ili kuzinyoosha reli, na kuvitegemea pia vibebe umeme kwa miaka mingi ni kuvitwika mzigo visivyouweza, zaidi ya yote katika mji wa pwani kama Tanga ambako hewa ina unyevu na chumvi. Tafuta mita ya volti, uipime njia karibu na kidhibiti mwendo wakati treni inatembea, halafu uipime upande wa mbali. Ukiona volti zimeshuka sana, lehemu kwenye reli za sehemu hiyo waya mwembamba, mmoja kwa kila reli, uupitishe kwenye tundu la ubao, na uuunge chini ya meza na jozi ya waya nene zinazotoka kwenye kidhibiti mwendo. Waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, unafaa sana. Tumia rangi mbili tofauti na uzifuate bila kukosea. Mimi hupendekeza jozi ya waya katika kila mita moja ya njia, hata kwa reli mpya ambayo bado haijaonyesha dalili yoyote, kwa kuwa kulehemu kabla ya kupanga milima na nyumba ni kazi ya mchana mmoja, na kulehemu baada ya hapo ni kubomoa.

Jambo la mwisho kwa msomaji wa pwani: chukua sumaku uiguse reli. Ikinasa, yaelekea reli zako ni za chuma cha kawaida, nazo zitashika kutu daima hata ukizifuta kila siku. Zibadilishe polepole kwa reli za aloi ya shaba na nikeli, ambazo sumaku haizinasi. Ubao wa meza upakwe rangi au vanishi pande zote, pamoja na chini na kwenye kingo, kwa maana mbao inayonyonya unyevu hujikunja na kuinua viungio. Kisha iendeshe treni yako mara kwa mara. Njia inayotumika kila wiki huchafuka kidogo kuliko iliyolala mwezi mzima.

Je, naweza kutumia mchanga wa ufukweni kama kokoto kati ya mataruma? Hapa kwetu unapatikana bure. — Msomaji, Mombasa

Hapana. Mchanga huo una chumvi, ambayo huvuta unyevu na kula reli, na mara nyingi una chembe nyeusi za madini yenye chuma, ambazo sumaku iliyomo ndani ya mota huzivuta hadi zikaingia kwenye meno ya gia. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa, ukakaushwa na kuchujwa kwa chujio la chai, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Ukishaupanga kwa brashi, unyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi kilekile. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, weka kidogo mno na uisogezesogeze gundi inapokauka ili isigande.

Nimeichora njia yangu ili treni izunguke na kurudi ilikotoka kwa reli ileile. Kila nikiunga kipande cha mwisho umeme unakatika. — Msomaji, Kampala

Njia ikijigeuza hivyo, reli ya kulia hukutana na reli ya kushoto, na hiyo ni shoti. Kata reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa mzunguko, utie viungio vya plastiki, na sehemu hiyo iliyotengwa, ambayo ni lazima iwe ndefu kuliko treni yako nzima, uipe umeme wake kupitia swichi ya kugeuza pande. Treni ikiwa ndani unaisimamisha, unageuza swichi hiyo pamoja na ile ya mwelekeo kwenye kidhibiti mwendo, kisha inatoka. Wenye mfumo wa kidijitali wa DCC hununua kifaa kinachofanya hivyo chenyewe.

Shikamoo Mhariri. Marehemu baba yangu aliacha sanduku la treni za Kijerumani na za Kiingereza ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi, na ndani yake mna transfoma iliyonunuliwa Marekani. Nizijaribu vipi bila kuziharibu? — Msomaji, Maskati

Marahaba, na pole kwa msiba wako. Transfoma hiyo usiichomeke ukutani. Imeundwa kwa volti 120 na umeme wa Omani ni volti 240. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la meno yake tu na wala haipunguzi volti. Vifaa vya zamani vya umeme wa nyumbani, vyenye waya zilizochakaa ngozi, viwe kumbukumbu, na ununue kidhibiti mwendo kipya.

Kisha zitenganishe treni kwa aina kabla ya kuziweka njiani. Ukiona njia ina vichomozo vidogo vya chuma katikati, juu ya mataruma, hiyo ni ya Märklin, kampuni iliyoanzishwa Göppingen mwaka 1859, na treni zake za zamani hutumia mkondo geu (AC) wa hadi volti 16. Treni za Hornby Dublo za Uingereza zilizoanza kuuzwa mwaka 1938 zilikuwa na reli ya tatu katikati, na za reli mbili zikaja mwaka 1959. Nyingine nyingi za reli mbili hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC). Aina hizi zisichanganywe: magurudumu ya Märklin ya zamani hayakutengwa kwa plastiki, hivyo huleta shoti kwenye reli mbili, na kichwa cha mkondo mnyoofu kikitiwa mkondo geu huunguza mota.

Kichwa ambacho kimelala miaka mingi kina grisi iliyogeuka nta. Kifungue, ukipige picha kila hatua, uondoe grisi hiyo kwa kijiti na pamba ya masikio yenye alikoholi, bila kuigusisha rangi ya nje, maana rangi za zamani hutoka. Zungusha magurudumu kwa kidole panaporuhusiwa, yasipozunguka usilazimishe. Tia tone moja la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki kwenye kila ekseli, na usitie hata chembe pale brashi za kaboni zinapogusa mota. Mafuta ya kupikia ni marufuku, kwa sababu hukauka yakawa gundi. Maboksi ya karatasi uyahifadhi pia, pamoja na maandishi yoyote ya mkono wa baba yako.

Watoto wangu walifurahia treni kwa siku chache, sasa wanasema inazunguka tu. Sina nafasi ya kuongeza njia. — Msomaji, Dar es Salaam

Wanasema kweli. Wape treni kazi ya kufanya. Mwingereza Alan Wright alibuni mpango mdogo uitwao Inglenook, ambao unahitaji pointi mbili tu na njia tatu za kuegesha: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja, pamoja na kipande cha mbele kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Kwa mabehewa mafupi, ubao wa mita moja na nusu kwa sentimita 30 unatosha, na unaweza kukaa juu ya rafu ya vitabu.

Yawekeni njiani mabehewa manane yanayotofautiana, moja la mafuta, moja la mbao, moja la ng'ombe na kadhalika, na muandike kadi nane zenye majina yao. Mtoto mmoja anazichanganya kadi na kuvuta tano. Mwenzake ni lazima ayapange mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule wa kadi, akisukuma na kuvuta kwa kichwa kimoja tu, bila kuliinua behewa lolote kwa mkono. Mipangilio inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo hawatarudia mchezo uleule hivi karibuni. Mkubwa wao ahesabiwe kila mara anapobadilisha mwelekeo, na mdogo aruhusiwe muda zaidi. Kama yuko chini ya miaka mitatu, asiachwe peke yake na vipande vidogo vya kumezeka.