Anapiga picha kitenge changu alafu ananunua mtandaoni: maswali yenu wenye maduka

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wenye maduka, na kilio ni kimoja, mteja kahamia kwenye simu. Mi mwenyewe nimekaa kwenye fremu ya duka Kariakoo miaka mingi kwaiyo haya mambo yananigusa, nitajibu kwa nilivyoyaona.

Nauza vitenge Mwanza. Wadada wanaingia, wanashika kitambaa, wanauliza bei, wanapiga picha wanaondoka. Wiki ijayo namuona kashona kilekile, kanunua Instagram kwa elfu 3 pungufu. Niweke tangazo la kukataza picha?

Hapana dada yangu, usikataze kabisa. Ile picha inaenda kwa mama, kwa fundi, kwa kamati ya harusi inayotafuta sare, yani kitenge hakichaguliwi na mtu mmoja, na ukimkatazia picha umewafungia mlango watu kumi ambao hawajafika dukani kwako. Cha kufanya, kila kitenge kibandike kikaratasi chenye namba ya kitenge, bei, na namba yako ya simu, kwa maandishi makubwa yaonekane kwenye picha. Hapo picha inakutangaza wewe.

Alafu jua kitu kimoja, wengi wa hao wa Instagram hawana mzigo wowote ndani. Ni mawinga. Anachukua picha dukani kwa mtu, anaweka cha juu chake, akishalipwa ndo anakuja kuchukua. Badala ya kugombana nao wape bei yao ya kueleweka na uwatumie picha nzuri kila mzigo mpya ukiingia. Kwa bei ya elfu 3 pungufu usishindane naye, yeye halipi fremu. Wewe mshinde kwenye wingi, mtu wa sare anataka pisi 25 za ua moja, rangi moja, leo, na mwenye pisi mbili chumbani kwake hiyo oda haiwezi. Kwaiyo maua yanayotoka sana usiyaache yaishe yakabaki vipisi, na ukipata fundi mzuri jirani mfanye ndugu, mteja anunue apimwe hapohapo.

Niko Dar, nauza viatu. Kodi inaisha mwezi ujao. Niachane na fremu nibaki mtandaoni tu?

Kaa chini upige hesabu kaka, usifanye kwa hasira za mwenye nyumba. Tuseme fremu ni laki 4 kwa mwezi na anataka ya miezi 6, hiyo ni milioni 2 na laki 4 inatoka kwa mkupuo, inauma naelewa. Lakini mtandaoni nako kuna kodi yake ila inakuja vipande vipande hauioni: bando, tangazo la kulipia, boda aliyeenda Mbezi mteja hapokei simu akarudi na kiatu na nauli unamlipa, kiatu kilichorudi kwa sababu 42 ya China imekuwa ndogo kama 40. Kwenye viatu hii ya saizi ndo inakula watu.

Na usidhani wenye hela kubwa hawakujaribu. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, waliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo wakafunga Tanzania. Kenya kule Copia, waliokuwa wanapitisha oda kwa mawakala wa mitaani hadi vijijini, Mei 2024 wakashindwa kujiendesha, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi. Kupeleka kitu kimoja kimoja mlangoni kwa mtu ni gharama, hasa huku kwetu ambako maelekezo ni "ukifika kwenye mwembe nipigie".

Lakini biashara ya kuuza kwa simu Tanzania haijafa, imeshikwa na watu wadogo, mtu na mtu, WhatsApp na Instagram, mzigo wa mkoani unapakiwa kwenye basi na namba ya kondakta unatumiwa. Ningekuwa wewe ningetafuta mwenzangu tugawane fremu, au nipande ghorofani ambako kodi ni nafuu, nipate sehemu ya kuweka mzigo na mteja kujaribu kiatu. Mteja wa simu akiona una mahali panapojulikana anatoa hela bila wasiwasi. Ukiwa hewani tu, kila siku unaanza upya kumuapia kwamba wewe sio tapeli.

Mimi ni mama mwenye duka la mtaani Tanga. Supamaketi imefunguliwa njia panda na sukari wanauza chini yangu. Nifunge?

Usifunge mama. Sukari waachie, usishindane nao kwenye kile wanachonunua kwa malori. Wewe una mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, robo ya mchele, kiberiti saa mbili usiku mtoto katumwa kaenda mbio karudi. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua lita 5 hata kama kwa hesabu ni rahisi zaidi, hela anayo ya leo tu.

Na ukubwa sio kinga. Supamaketi za Nakumatt walikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Madeni yakazidi, wasambazaji hawalipwi wakaacha kuleta mzigo, 2017 rafu zikawa tupu watu wanaona kwa macho, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Wewe hapo kwako adui mkubwa ni daftari la mkopo. Endelea kukopesha maana ndo nguvu yako, ila weka kiwango kwa kila nyumba, na asiyelipa mwisho wa mwezi haandikiwi tena mpaka amalize. Alafu namba yako ya WhatsApp iandike mlangoni, mtu atume oda akiwa kwenye daladala akute umeshamfungia mzigo wake.

Kijana kanionesha meseji ya malipo, nikampa simu ya dukani, kumbe meseji feki. Nifanyeje isijirudie?

Pole sana, simu ni mtaji. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja usiiamini hata siku moja, hata kama ana haraka kiasi gani. Subiri iingie kwako, kisha angalia salio, maana siku hizi hata inayoingia kwako inaweza kuwa imetumwa kutoka namba ya kawaida. Tumia lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara, isiwe namba yako binafsi, hesabu za duka zisichanganyike na za nyumbani. Karipoti polisi, na mtandao wako wape namba iliyotumika.

Mimi ni mteja tu. Kwanini wauzaji wanaandika "bei DM"?

Yani uulize bei kwa ujumbe wa faragha. Wengine wanaogopa mshindani aone, wengine wanataka kwanza wakupime ni mtu wa aina gani ndo wataje bei. Hii ya pili inanikera kwa kweli. Mteja kauliza saa tatu asubuhi anajibiwa saa kumi, kashanunua kwingine kitambo. Wauzaji wenzangu, andikeni bei. Na mkikosea saizi badilisheni, mi mwaka jana nilitumiwa viatu tofauti na picha, nilipolalamika nikablokiwa, na tangu siku hiyo muuzaji nisiyemjua simlipi kabla sijauona mzigo. Mmoja kala elfu 35 yangu na kawanyima wenzake mteja.

Nauza leso Mombasa, wateja wa kuingia wamepungua. Leso yauzika kwa simu kweli?

Yauzika sana dadangu, leso, yani kanga, hata kuliko viatu. Haina saizi, ni nyepesi, haivunjiki njiani. Na watu wake wametawanyika, wako Muscat, wako Dubai, wako London, na wakati wa harusi na Idi wanaitafuta. Kosa ninaloliona watu wanaposti rundo limekunjwa, inaonekana rangi tu. Leso inanunuliwa kwa jina, yani yale maneno yaliyoandikwa juu yake! Ikunjue yote, ionekane pindo, ionekane mji wa katikati, na jina lipigwe picha peke yake karibu lisomeke, kisha uliandike tena chini ya picha ili mtu akitafuta alipate.

Fungua daftari la majina: ya kumsifu mama, ya mapenzi, ya kumjibu jirani, ya msiba. Mtu aliye Oman akikwambia "nataka ya kumpa mama" umtumie tano hapohapo bila kupekua duka zima. Pia utaje mtengenezaji, wazee wanaangalia hilo, Kaderdina wapo Mombasa tangu 1887 na mpaka leo kuna anayegeuza leso akitafuta maandishi yao ya "Mali ya Abdulla" kabla hajauliza bei. Kusafirisha anza na wasafiri unaowajua, doti (pea) kumi kumi. Na ile leso ya mfano usiiuze hata ikibaki moja, ndiyo utakayopigia picha mzigo ukirudi.