Utrasaundi ya tatu kabla ya miezi mitano: inamuunguza mtoto?

Swali: Shikamoo. Nina mimba ya wiki 20, ya kwanza, naishi Makorora hapa Tanga. Nimeshapiga utrasaundi mara mbili: wiki ya 7 nilipopata maumivu ya tumbo, na wiki ya 12. Sasa kliniki wameniandikia nyingine. Mama mkwe hataki kabisa, anasema ile mionzi inamuunguza mtoto tumboni. Jirani yangu naye anapiga kila mwezi kuangalia jinsia na anasema haina shida yoyote. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa utrasaundi, kazi yangu ya kila siku ni hiyo unayoiulizia.

Nenda kapige hiyo ya tatu. Lakini usimpuuze mkweo, maana hofu yake ina mahali ilipotoka, na sehemu ya lawama ni yetu. Hospitali nyingi chumba cha utrasaundi kiko ndani ya idara ya mionzi, mlango kwa mlango na eksirei. Mama anakaa kwenye benchi, mbele yake kuna ile alama ya hatari ya njano na nyeusi. Nani atamweleza kwamba mlango anaoingia yeye hauna mionzi ndani? Eksirei kweli ni ya kuiogopa ukiwa mjamzito. Miaka ya 1950 daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, aligundua kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walipata saratani zaidi kuliko wenzao.

Utrasaundi ni sauti. Sikio la mtu linaishia kwenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya tumbo hutumia kati ya milioni 2 na milioni 5. Umeshafika Mapango ya Amboni? Ukiita mle ndani sauti inakurudia. Popo wanaowinda wadudu usiku huruka gizani kwa njia hiyo hiyo: wanapiga sauti tusiyoisikia, wanasikiliza mwangwi wake. Kile kifaa ninachokipitisha tumboni nacho kinapiga sauti fupi sana, kisha kinanyamaza kusikiliza. Kwenye picha ya kawaida, muda wa kupiga sauti haufiki hata asilimia 1; uliobaki wote ni wa kusikiliza. Ile jeli ya baridi inayokushtua ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu hewa inairudisha sauti kabla haijaingia.

Sasa hilo neno "kuunguza". Sitakwambia ni uzushi mtupu. Sauti ikipita kwenye mwili huacha joto kidogo, hasa kwenye mfupa, na joto likizidi lina madhara kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mashine inalikadiria. Pembeni ya kioo kuna herufi TI na namba mbele yake. 1 maana yake joto linaweza kupanda kwa nyuzi 1 hivi. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza unasema ikiwa chini ya 0.7, hakuna kikomo cha muda kwa sababu ya joto. Picha ya kawaida kwa mama mjamzito kwa kawaida haifiki hapo.

Panapohitaji uangalifu ni dopla, ile inayoonyesha damu inavyokwenda au kusikilizisha mapigo. Inakaza sauti sehemu moja na joto lake ni kubwa zaidi, kwa hiyo mimba ikiwa changa hatuiwashi bila sababu ya kitabibu. Mapigo ya moyo kwenye wiki ya 7 tunayapima kwa mchoro wa mstari, na yanasomeka vizuri. Naumia nikisikia mtu amemwekea mama dopla dakika nzima kwenye mimba ya wiki 6 ili afurahi kusikia mlio.

Watoto waliopigwa utrasaundi wakiwa tumboni wamefuatiliwa. Kule Norway waliangaliwa mpaka umri wa miaka 8 na 9: kusoma na kuandika kwao hakukutofautiana na wengine. Kilichojitokeza ni kwamba kati ya wavulana, wanaotumia mkono wa kushoto walizidi kidogo, na haijathibitika kuwa utrasaundi ndiyo sababu.

Jirani yako simuungi mkono. Sisemi amemdhuru mtoto. Ila kipimo cha tiba hupigwa kikiwa na swali la kujibu, na jinsia ikishajulikana, mwezi ujao haigeuki. Hiyo fedha ingemnunulia samaki na mboga.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate angalau utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ya kwako ya wiki ya 20 ina maswali mazito: moyo, uti wa mgongo, figo, na kondo la nyuma limekaa wapi. Nimewahi kumpokea mama aliyekuja mara ya kwanza akiwa miezi minane, kanga imelowa damu. Alikuwa ameogopa mashine kama anavyoogopa mkweo. Kondo lilikuwa limeziba mlango wa kizazi. Alifanyiwa upasuaji, yeye na mwanawe wakapona, lakini miezi ya kujiandaa ilikuwa imeshapita.

Nenda na majibu yako yote mawili ya zamani, hata kama karatasi zimekunjika. Ile ya wiki ya 12 itunze kuliko zote: kwa umri huo tarehe ya kujifungua hukosea siku 5 hadi 7 tu, wakati mwishoni mwa mimba inaweza kupishana hata wiki 3. Na mkweo mwombe akusindikize. Ukiruhusiwa, aingie naye, umwombe anayekupiga amwonyeshe TI iko wapi, aisome mwenyewe.