Maswali kwa Fundi: Valvu Ipi ya Kuanzia?

Swali: Shikamoo Fundi. Nimeshalehemu amplifaya kadhaa za transista, sasa nataka kuunda ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza ishara kama transista), stereo, ya kusikilizia muziki chumbani. Ninazo EL84 mbili, ECC83 moja, na PCL82 nne zilizotolewa kwenye televisheni za zamani. Rafiki yangu anasema niziuze zote nitafute 300B, eti nyingine zote ni mchezo. Nishike lipi?
*Mwanafunzi wa umeme*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiuze hata moja.

300B ni valvu njema. Western Electric waliitoa mwaka 1938 na hadi leo inapendwa. Lakini ni ngumu kwa anayeanza. Waya wake unaowaka ndio huohuo unaotoa elektroni, kwa hiyo ukiupa volti 5 za AC, mvumo huingia kwenye sauti kwa urahisi sana. Tena inataka kusukumwa kwa nguvu. Ikifanya kazi katika volti 350, gridi yake (wavu wa ndani unaopokea ishara) hukaa hasi kwa volti 74 hivi, na ishara ya sauti lazima iyumbe karibu kiasi hicho kabla hujapata wati zake 7 au 8. EL84 katika volti 250 inataka volti 7.3 tu kwenye gridi, na nusu moja ya ECC83 inaimudu bila shida. Kwa kuwa ECC83 ina trayodi mbili (valvu za sehemu tatu: kathodi, gridi na anodi) ndani ya kioo kimoja, hiyo moja uliyonayo inatosha pande zote mbili. Mkononi mwako tayari kuna valvu za amplifaya kamili.

Lakini jambo ninalotaka ulishike ni hili: valvu huchaguliwa ya tatu. Ya kwanza ni spika, ya pili ni transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu na spika, ndipo uje kwenye valvu. Wengi huanzia kwenye kioo kwa sababu kinapendeza kikiwaka, halafu wanashangaa muziki kukosa besi.

Angalia spika zako zimeandikwa desibeli ngapi kwa wati moja. Mchoro wa EL84 moja kila upande hutoa wati 5 na kidogo. Kwenye spika ya desibeli 92 sauti yake italingana na ya wati 20 kwenye spika ya desibeli 86, kwa maana kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Kama spika zako ni za 86, badilisha spika kabla hujaanza kuota valvu kubwa.

Kisha transfoma. EL84 moja inataka kuona mzigo wa kiloomu 5.2, na spika yako ni omu 8. Gawanya, tafuta kipeuo cha pili: uwiano wa mizunguko ni 25.5 kwa 1. Ukipata transfoma ya redio ya zamani isiyo na maandishi, ipime ikiwa mezani, haijaunganishwa na kitu kingine: ingiza volti 6.3 za AC upande wa waya mwembamba, na upande wa spika mita ionyeshe takriban volti 0.25. Hakikisha pia ni ya valvu moja, yaani chuma chake kimeachiwa mwanya mdogo. Miliampea 48 za DC zinapita humo muda wote, na chuma kisicho na mwanya hushiba sumaku; hapo besi hupotea na sauti hukwaruza. Transfoma ni nzito na ndiyo itakayokula fedha nyingi. Mimi nasema ipewe. Amplifaya ninayoisikiliza kila jioni ina valvu za kawaida kabisa na transfoma nzuri, na sioni sababu ya kuigusa.

Yaliyobaki ni mepesi. Rezista ya kathodi, sehemu inayotoa elektroni, ni omu 135. Ukipima juu yake volti 7.3, valvu imekaa mahali pake. Usizidishe: miliampea 48 kwa volti 250 ni wati 12, na hizo ndizo kikomo cha anodi yake, sehemu inayopokea elektroni. Hita (nyaya za kupasha moto) za EL84 mbili na ECC83 zinakula ampea 1.82 kwa volti 6.3, hivyo tafuta transfoma ya umeme yenye ampea 3 upande huo ili isichemke.

PCL82 zihifadhi kwa mradi wa pili. Herufi ya kwanza ya valvu za Ulaya hueleza hita: E ni volti 6.3, P ni miliampea 300 kwa hita zilizofungwa mfululizo, kama zilivyokuwa kwenye televisheni. C ni trayodi, L ni pentodi ya nguvu, yaani valvu ya sehemu tano inayosukuma spika. Kwa hiyo PCL82 ni ndugu wa ECL82, tofauti ni hita inayotaka volti 16. Ukipata transfoma yenye volti hizo, valvu mbili tu zitakupa stereo ya wati 3 hivi kila upande.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana transista hazikukufundisha hili. Volti 300 za DC zinaua, na kapasita huzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Funga rezista ya kiloomu 220, wati 2, sambamba na kapasita ya kuchuja. Kwa maikrofaradi 47, dakika moja inaimaliza. Hata hivyo pima kwanza, ndipo uguse. Chasisi ya chuma iungwe na waya wa ardhi. Ukipima ikiwa inawaka, mkono mmoja ukae mbali na chuma. Na usiiwashe bila spika: volti za transfoma hupanda hadi zikatoboa insulesheni yake.

Swali: Fundi, ile rangi ya fedha juu ya kioo cha valvu, kwenye moja imekuwa nyeupe. Naweza kuisafisha?

Jibu: Hapana. Hiyo ni bariamu iliyowekwa ndani ili kufyonza mabaki ya hewa. Ikiwa nyeupe, kioo kimepasuka mahali na hewa imeingia. Itupe, usiijaribu kwenye soketi.

Swali: ECC82 inaingia kwenye soketi ya ECC83. Nibadilishe tu?

Jibu: Miguu inalingana, kazi hailingani. ECC83 hukuza takriban mara 100 kwa namba yake ya kiwandani, ECC82 kama 17 tu, na inataka mkondo mkubwa zaidi. Badilisha rezista zake pia, la sivyo iache.

Swali: Amplifaya yangu inavuma hata sauti ikiwa sifuri. Nianzie wapi?

Jibu: Sikiliza mvumo wenyewe. Ukiwa mzito, wa hezi 50 au 60 sawa na umeme wa ukutani, tazama hita: sokota waya zake mbili pamoja na uzipitishe pembeni mwa chasisi, mbali na gridi. Ukiwa wa juu zaidi, mara mbili ya hapo, unatoka kwenye uchujaji. Pima kapasita ya kwanza baada ya dayodi.