Kesi ya kuendesha umelewa: anza na video

Nafanya kazi katika ofisi ya mawakili wa utetezi hapa Marekani, na mara nyingi hukaa na mteja tukatazama video ya kamera ya askari tangu mwanzo hadi mwisho. Kama umeshtakiwa kwa kuendesha ukiwa umelewa, mwambie wakili wako aiombe video hiyo mapema, kwa maandishi, kabla haijafutwa. Ripoti ya askari huandikwa baadaye, na huacha mengi nje.

Majaribio ya kando ya barabara yenye utaratibu rasmi ni matatu, na mwongozo wake hutolewa na NHTSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama barabarani. Unafuata kalamu kwa macho. Unatembea hatua 9 kisigino kikigusa vidole, unageuka na kurudi. Kisha unasimama kwa mguu mmoja sekunde 30. Kwenye kutembea askari hutafuta dalili 8, na mbili tu zinatosha kusema umeshindwa. Mbili! Ukianza kabla hujaambiwa, halafu ukainua mikono usiyumbe, zimetimia. Katika utafiti wa 1981 jaribio hili lilitoa jibu sahihi kwa asilimia 68, na la mguu mmoja asilimia 65. Tafiti za baadaye zilitoa asilimia kubwa zaidi, na mwendesha mashtaka atazishika hizo, kwa hiyo wakili wako awe amezisoma pia.

Mama mmoja tuliyemhudumia alipimwa kwenye changarawe, malori yakipita karibu, naye amevaa viatu vya kisigino kirefu. Kwenye video anasikika wazi akisema goti lake liliwahi kupasuliwa. Kwenye ripoti, goti halimo. Mwongozo wenyewe unataka sehemu kavu, ngumu, tambarare, isiyoteleza. Unasema mwenye kisigino kinachozidi sentimita 5 apewe nafasi ya kuvua. Na unakiri kwamba wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani, na waliozidi miaka 65, wanaweza kushindwa bila kulewa. Iliniuma sana kuona mtu anaandikiwa ulevi kwa sababu ya goti.

Macho ya dereva ni nadra kuonekana vizuri kwenye video, lakini kalamu huonekana. Mimi huitazama kwa saa mkononi: jicho likifika mwisho wa pembe, askari anatakiwa kuishikilia kalamu hapo angalau sekunde 4. Wengi huipitisha haraka.

Usitegemee kwamba hakimu atayatupa majaribio yote. Mara nyingi kasoro hizi hupunguza uzito wake tu. Lakini wakili akionyesha kwamba askari hakuwa na sababu ya kutosha ya kukukamata, hata kipimo cha pumzi kilichofanyika baada ya hapo kinaweza kuondolewa.

Kwa hiyo andika yote ungali unakumbuka: viatu, mteremko, mwanga, dawa unazotumia. Rudi pale saa ileile upige picha. Chukua barua ya daktari.

Na leseni ina kesi yake pembeni. Katika majimbo mengi unaweza kukataa majaribio ya barabarani bila kunyang'anywa leseni, ila kukataa kipimo cha pumzi au damu baada ya kukamatwa huisimamisha. Siku za kuomba kusikilizwa kuhusu leseni ni chache, nazo haziisubiri mahakama.