Mwambie Mama Brayan kabla hawajaondoka kwenda Moshi

Mwanangu Upendo,

Sisi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua ila habari ya fimbo hataki kuisikia, tumemwacha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza umwambieje Mama Brayan, maana kila asubuhi unamwona anampakata kichanga siti ya mbele ya gari. Na wifi yako Rehema naye, mtoto wake wa miezi saba kamgeuza kwenye kiti chake cha gari atazame mbele, eti anachoka kuangalia mgongo wa siti. Unaogopa kuambiwa unajifanya unajua kulea kuliko wenzio. Utaambiwa. Lakini hao ni watu wawili na shauri lao si moja, tusiwachanganye.

Tuanze na jirani, maana lake ndilo la hatari zaidi na Desemba hii hapa. Wao ni watu wa Moshi, lazima waende kuhesabiwa. Mimi hapa Korogwe nayaona hayo magari yakisimama watu wapate chakula: mlango wa mbele unafunguliwa, anashuka mama, mtoto kifuani, na mkanda wa gari ulikuwa umewazunguka wote wawili. Yeye anaona kamlinda. Gari likigonga, mkanda ule unambana mtoto kwa uzito wote wa mama yake. Akimwacha nje ya mkanda akategemea mikono, mikono haiwezi: kugonga ukiwa kilomita 50 kwa saa ni kama kudondoka kutoka urefu wa mita 10 hivi, na pale Segera nani anakwenda 50? Bado sijataja eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi, ambao unafutuka kwa nguvu ya kumuua mtoto mdogo.

Sasa haya yote usimwambie. Najua umeshayasoma, pamoja na ile hesabu ya Wamarekani kwamba kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya vichanga kwenye magari madogo kwa asilimia 71. Ni kweli, ila ukianza nayo atakusikiliza kwa adabu, akiingia ndani amwambie mumewe kwamba umemsimanga. Nilipokuwa kliniki nimewaona manesi wanamgombeza mama mbele ya foleni nzima kwa sababu mtoto kachelewa chanjo. Wanachosema hakina kosa. Mwezi unaofuata yule mama haonekani. Waliokuwa wanarudi ni wale walioitwa pembeni, wakaulizwa habari za nyumbani kwanza, halafu wakapewa jambo moja la kufanya siku ileile.

Jambo lako moja liko stoo. Kile kiti cha gari cha mwanao Imani cha uchangani bado kipo, si ndiyo? Hakijawahi kuwa kwenye ajali, na kwa chini kimepigwa muhuri wa tarehe ya mwisho wa matumizi. Itazame kabla hujakitoa. Kama bado, kifute vumbi, umpelekee: "Mama Brayan, safari ni ndefu, kiti hiki kimekaa bure, mchukulie mdogo wetu." Usiongeze neno. Viti hivi dukani vina bei, na mara nyingi mtu anayekuambia "sisi tulikua bila viti na tuko hai" anakuambia kwa heshima kwamba hela hana. Akisema atatafuta cha mtumba, hapo ndipo umshauri anunue kwa mtu anayemfahamu, kwa kuwa kiti kilichopata ajali hakionyeshi ufa kwa nje.

Halafu usimkabidhi mlangoni ukaondoka. Nendeni garini pamoja. Kiti kiwe siti ya nyuma, mtoto atazame nyuma. Ile Noah yao imetoka Japani, na huko tangu 2000 sheria inataka mtoto chini ya miaka 6 awe na kiti chake, na magari mengi ya kule yanakuja na vyuma viwili vya kufungia kiti, vimejificha pale mgongo wa siti unapokutana na kikalio. Ingiza vidole utavigusa. Kama kiti chako hakina ndoano zake, mkanda wa kawaida wa gari unatosha, mradi upitishwe penye alama. Ukishafunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto mwenyewe ijaribu begani kwa vidole viwili: ukiweza kuufinya ukajikunja, bado umelegea. Na namjua yule, atamvisha masweta kama wanakwenda Makete. Mwambie mkanda ukazwe juu ya nguo nyepesi, blanketi lije juu ya mkanda. Blanketi likiwa ndani, gari likigonga linabonyea, mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka.

Mkono wako ukiwa kwenye mkanda maneno hayamuumi mtu.

Rehema ni jambo jingine. Huyo ni wifi, na neno lako kwake linabeba mambo ya harusi na ya mama mkwe ambayo hayahusu kiti. Mwachie kaka yake. Baba Imani aende siku anayokwenda kuwasalimia, acheze na mpwawe, kisha amgeuze mwenyewe hapohapo. Sababu ampe kwa ufupi: kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kwa mwili wake na shingo bado laini, akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Huko Ulaya viti vya kanuni mpya haviruhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na wengi wanangoja hata zaidi. Miguu kukunjika isimtishe, watoto wanakaa hivyo hata kwenye mkeka.

Akikataa, akatae. Utamwambia tena baada ya muda, wewe au kaka yake.

Ila ipo sehemu moja ambayo huombi wala huzungushi maneno, nayo ni Imani kupanda gari ya mtu mwingine. Wakitaka kumchukua kwenda shule, kiti chake kinakwenda naye, na unakifunga wewe. Hakuna nafasi ya kiti, haendi. Hapo wakinuna ni sawa, mtoto ni wako. Na ile video ya ajali uliyosema utairusha kwenye grupu la wazazi, ifute. Kila mtu atajua unamsema nani, na anayesemwa atakuwa wa kwanza kujua.

Mweleze pia Mama Brayan wasimame kila baada ya saa mbili hivi, wamtoe mtoto anyooke, maana hata kiti kizuri kinamchosha. Wakitoka Dar alfajiri watakuwa hapa kama saa nne, saa tano. Nyumba wanaielekezwa na mtu yeyote, chai ipo. Mwambie asiogope, mikanda sitaikagua. Labda kidogo tu, wakati wa kuaga.

Mama yako