Maswali ya sola: hesabu kwanza, kotesheni baadaye

Maswali ya mwezi huu ni mengi, na karibu nusu yake ni swali moja. Nalitoa njiani mapema.

Sola ya nyumba ya vyumba vitatu ni pesa ngapi? (Wengi, Malindi na Lamu)

Chumba hakili stima. Wanaokula ni friji, feni, pampu na pasi. Chukua risiti za tokeni za miezi mitatu, jumlisha yuniti (moja ni wati 1,000 kwa saa moja), gawa kwa siku 90. Ukienda dukani bila namba hiyo utapimwa mfuko, si nyumba.

Mwezi hunimalizia tokeni za 6,000. Nimeletewa kotesheni ya 380,000: paneli 6 za wati 550, inveta (kigeuza umeme wa paneli uwe stima ya nyumbani) ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya yuniti 5. Muuzaji anasema pesa zitarudi kwa miaka miwili. Ni kweli? (Maweni, Malindi)

Si kweli. Tushike shilingi 28 kwa yuniti, kodi na makato yote ndani. Yako halisi utaipata ukigawa pesa kwa yuniti kwenye risiti. Basi 6,000 ni kama yuniti 214 kwa mwezi, 7 kwa siku. Paneli zako sita ni wati 3,300. Huku kwetu hesabu saa 5 za jua kali kwa siku kwa wastani, kisha toa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa inveta: zinabaki yuniti 12. Wewe unatumia 7. Paneli mbili hapo zitakuwa zinaota jua bure.

Masika yakishika, mawingu hukaa siku nzima, kwa hiyo tuseme mfumo utakuondolea asilimia 80 ya tokeni kwa mwaka. Ni 4,800 kwa mwezi, 57,600 kwa mwaka. Gawa 380,000 kwa hiyo: miaka sita na nusu. Ili zirudi kwa miwili ungehitaji kuokoa karibu 16,000 kila mwezi, nawe hutumii hata nusu yake.

Muombe kotesheni ya pili: paneli tatu, inveta ya kilowati 3 ya kushirikiana na stima ya Kenya Power, bila betri. Halafu badilisha saa za kazi. Pampu ijaze tangi saa nne asubuhi, nguo zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya alasiri, friza ipoe kabisa mchana. Ukihamisha yuniti 4 na nusu kati ya zile 7 ziende mchana, unaokoa kama 3,780 kwa mwezi. Kotesheni ikija 150,000, zitarudi kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, au miaka minne ukiyahesabu masika. Na ukishuka chini ya yuniti 100 kwa mwezi, zile unazoendelea kununua nazo huwa za bei nafuu zaidi.

Tahadhari mbili. Paneli ya wati 550 hufanya kazi kwa volti 42 hivi. Tatu zikiungwa kwa msururu, moja baada ya nyingine, ni 126, na joto la paa huzishusha hadi kama 110. Zipo inveta zisizoamka chini ya 120. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Ya pili: bila betri, stima ikikatika huenda nawe ukazimika. Ikiwa kinachokuudhi ni kukatikakatika, nunua betri, ila uiite starehe, usiiite akiba.

Betri ya gel au lithiamu? Gel nimeambiwa 30,000 tu. (Langoni, Lamu)

Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza watu. Gel ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, ni yuniti 2.4, na usiifyonze zaidi ya nusu: 1.2 kila usiku. Imeundwa kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 juu ya hapo hupunguza maisha yake kwa nusu, na chumba cha Lamu wakati wa kaskazi unakijua. Tuipe miaka miwili na nusu, usiku 900. Itakuwa imekupa yuniti 1,080, yaani karibu shilingi 28 kwa yuniti, sawa na tokeni, na hapo hujalipia paneli hata moja.

Lithiamu ya yuniti 5, tuseme ya 130,000, hutoa 4 kila usiku. Ikikaa miaka kumi ni kama shilingi 9 kwa yuniti. Lakini ni kwa anayeitumia kila usiku. Ukiiweka ingoje stima ikatike, hesabu hiyo haipo. Mwambie fundi aihamishe mipangilio ya inveta kutoka gel kwenda lithiamu mbele ya macho yako. Na wewe mwenye gel mbili zilizochoka, usiongeze ya tatu mpya: za zamani zitaivuta chini.

Fundi anataka kufunga paneli juu ya makuti. (Shela)

Akatae yeye au mkatae nyinyi. Kiungio kilicholegea hutoa cheche, na cheche ya umeme wa paneli haizimiki yenyewe maadamu jua linawaka. Chini yake ni makuti makavu. Tena makuti hubadilishwa, na kila mara utalipia kuzishusha na kuzirudisha. Jengeni fremu juu ya sakafu ya paa, ikazwe vizuri kwa ajili ya kusi, mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini ili mvua ioshe kioo. Aliye ndani ya mji mkongwe wa Lamu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, apite kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Dari ya boriti ya karne nzima nayo ikaguliwe kabla ya kupandishiwa mizigo.

Nimeuziwa paneli ya "wati 600" kwa bei ya kutupa. (Mambrui)

Ipime kwa futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200, ikizidi sana 250. Paneli ya mita moja na nusu yenye kibandiko cha 600 ni kibandiko.

Paneli zina miaka mitatu na nguvu imeshuka. (Casuarina, Malindi)

Tazama kivuli kwanza. Kuti moja la mnazi likiangukia paneli moja huweza kuangusha msururu mzima. Kisha chumvi: osha alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini na maji ya mvua. Maji ya kisima cha chumvi yatakuachia ukungu mweupe juu ya ule uliokuwapo. Fungua viungio vya MC4, zile plagi za waya za paneli. Ukiona kijani, kata uweke vipya, vya aina moja pande zote mbili. Bolti ziwe stenlesi ya 316. Waya wa ethi wa shaba usigusane moja kwa moja na fremu ya alumini, weka lagi (kichwa cha kufungia waya) iliyopakwa bati, la sivyo alumini italiwa. Na inveta isikae barazani ikitazama bahari, feni yake huvuta chumvi mpaka ndani.

Naweza kuwauzia Kenya Power ziada? (Mokowe)

Pesa mkononi hupati. Kanuni za 2024 zinakupa yuniti za kurudishiwa, nusu ya ulizopeleka. Kutumia mchana kunalipa zaidi. Kazi hiyo ya kuunganisha sola na stima yao ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, ya daraja la T3. T1 ni wa mifumo midogo ya taa.

Inveta ya kilowati 3 itaendesha shawa ya umeme? (Watamu)

Haiwezi. Shawa hizo nyingi huzidi wati 3,500, na maji ya tangi lako saa tisa alasiri yana joto kushinda unalotaka.