Ukitaka kuanza na Bach kwenye kinanda, anza na BWV 639

Wapiga kinanda wa kwaya wakiniuliza waanze na kipande gani cha Bach, mtunzi wa Ujerumani, wengi huwa wameshaitamani Toccata na Fuga ya D maina (minor), kwa kuwa ndiyo inayosikika kila mahali. Mimi huwaelekeza kwenye "Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ" (Nakuita, Bwana Yesu Kristo), BWV 639, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Bach. Ni kifupi, dakika tatu hivi, katika F maina, na kinatoka katika Orgelbüchlein (Kitabu Kidogo cha Kinanda), mkusanyiko ambao Bach aliuandika kwa sehemu kubwa alipokuwa mpiga kinanda wa ikulu huko Weimar, kati ya 1708 na 1717. Alikusudia vipande 164, akakamilisha 46. Kwenye ukurasa wa mwanzo aliandika wazi kuwa kitabu ni cha kumwongoza mpiga kinanda anayeanza, hasa upande wa pedali, yaani funguo za kukanyaga kwa miguu.

Kati ya vipande vyote hivyo, hiki ndicho pekee chenye sauti tatu tu. Mkono wa kulia unaimba wimbo wenyewe, tenzi ya Kilutheri ya karne ya 16 ya mtu anayemlilia Yesu amsikilize. Mkono wa kushoto unatiririka bila kukatika. Miguu inagonga besi polepole, mara nyingi noti ileile ikirudiwa.

Anza na hiyo besi. Kinanda cha mabomba hakijali umekanyaga kwa nguvu kiasi gani; sauti ni ileile mpaka utakapoachia. Kwa hiyo noti inayorudiwa inaishi au inakufa kwa namna unavyoinua mguu. Ukichelewa kuinua, noti mbili zinakuwa moja ndefu. Ukiwahi mno, besi inadundadunda na ule uzito wa sala unapotea. Tafuta upenyo mdogo kabisa katikati, ulio sawa kila mara. Mimi humkalisha mwanafunzi kwenye pedali peke yake, bila mikono, mpaka upenyo huo utulie, na sioni kama muda huo unapotea.

Kisha ongeza mkono wa kushoto. Wimbo uache kwanza: uimbe kwa mdomo, bila mapambo (zile noti za ziada za kuurembesha), jinsi waumini wangeuimba. Bach ameupamba sana, na asiyeujua wimbo mtupu atayapiga mapambo kana kwamba ndiyo wimbo. Mwisho wa kila mstari inua kidole mapema kidogo, mwimbaji avute pumzi. Mkono wa kushoto na miguu visisimame hata hapo. Hapa ndipo wengi hujikwaa, na dawa yake ni kupunguza mwendo.

Kanisa lako lina kibodi ya umeme tu? Mwombe mwenzako apige besi kwenye kibodi ya pili, oktava moja chini. Nimefanya hivyo Ijumaa Kuu, kabla ya ibada, na watu walinyamaza kabisa. Pia kuna mpangilio wa piano wa Busoni, mpiga piano na mtunzi wa Italia, mzuri sana, ila unahitaji mikono iliyokomaa.

Kwenye kinanda chenye safu mbili za funguo, wimbo upe sauti moja yenye tabia yake, kushoto pawe laini zaidi, na pedali isizidi mikono. Usivute vishikio vingi vya sauti za mabomba. Sauti tatu hizi zote zinatakiwa zisikike hadi benchi la mwisho, kila moja kwa nafasi yake.